Nyumba Hujengwa Mara Moja, Mshahara Hulipwa Kila Mwezi

Hakuna waziri aliyewahi kualikwa kukata utepe wa mshahara. Tepe hukatwa mbele ya majengo, rangi mbichi ikinuka na wapiga picha wakiwa wamejipanga. Mshahara wa yule atakayegonga mlango wa mpangaji kila wiki kwa miaka kumi ijayo hauna sherehe wala bamba la shaba, na ndio unaoamua kama mpangaji huyo atakuwa bado ndani au amesharudi kulala barazani. Ukitazama jinsi nchi tajiri zilivyohangaika na watu waliokaa mitaani miaka nenda miaka rudi, utaona kwamba zilizofaulu hazikuwazidi wenzao sana kwa majengo. Ziliwazidi kwa uvumilivu wa bajeti.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Wengi wanaopoteza makao hawakai nje muda mrefu. Kodi inamshinda mtu, ndoa inavunjika, kazi inaisha. Analala kwa rafiki au katika makao ya dharura, na baada ya wiki au miezi kadhaa anajipanga upya. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Randall Kuhn na Dennis Culhane, walichambua kumbukumbu za makao ya dharura ya New York na Philadelphia, wakakuta kwamba kikundi kidogo, kama mtu mmoja kati ya kumi, kilitumia karibu nusu ya siku zote za vitanda. Hao ndio walioganda. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, ni mtu aliyekosa makao kwa mwaka mzima au zaidi, kwa mfululizo au kwa vipindi, na juu ya hilo ana ulemavu, ugonjwa wa akili au uraibu. Hesabu ya Januari 2024 ilipata watu 771,480 wasio na makao katika nchi hiyo yote. Walioganda walikuwa zaidi ya 150,000.

Mmoja wa watu wa aina hiyo aliishi Reno, jimboni Nevada, na habari zake zilijulikana Malcolm Gladwell alipoziandika katika jarida la The New Yorker mwaka 2006. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, mlevi, mcheshi, kipenzi cha polisi waliomwokota barabarani karibu kila siku. Polisi wawili wakaamua kujumlisha gharama: ambulensi, chumba cha dharura, madaktari, mahabusu. Makadirio yao yalifika dola milioni moja kwa muda wa miaka kumi, na mtu mwenyewe alikuwa bado yuko nje. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye hiyo milioni. Mimi huvutwa na jambo jingine lililomo humo. Kuna wakati aliwekwa katika mpango wa matibabu wenye usimamizi wa karibu, na akatulia. Alipata kazi, akaifanya kwa bidii. Kisha mpango ukafika mwisho, akapongezwa kwa kuhitimu, na kuanzia hapo hakuwa na mtu wa kuripoti kwake. Haukupita muda akarudi kwenye chupa, na baadaye akafa.

Kwa hiyo hata wakati ule ilikuwa wazi kwamba dawa ilikuwepo na ilifanya kazi. Walichokosea ni kuamini kwamba ina dozi ya mwisho.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa utaratibu ni mwanasaikolojia Sam Tsemberis. Akifanya kazi New York miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, alikuwa akiwatoa wagonjwa wa akili mitaani na kuwafikisha hospitali, kisha anakutana nao tena pale pale alipowaokota. Utaratibu wa siku hizo ulikuwa wa ngazi: acha pombe kwanza, meza dawa, tii masharti ya makao ya pamoja, halafu labda utafikiriwa kupewa chumba. Wengi waliporomoka ngazi ya pili au ya tatu, wakahesabiwa kuwa hawasaidiki. Mwaka 1992 Tsemberis akaanzisha shirika la Pathways to Housing na kupindua mpangilio. Chumba kwanza, chenye ufunguo na mkataba wa upangaji, katika jengo la kawaida lenye wapangaji wa kawaida. Masharti yalikuwa machache: mpangaji alipe sehemu ya kipato chake, kwa kawaida asilimia 30 ya posho ya ulemavu, na akubali kutembelewa. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano asilimia 88 ya wapangaji wake walikuwa bado ndani, dhidi ya asilimia 47 ya waliopitia ngazi za zamani.

Neno la kushikilia hapo ni kutembelewa. Nyuma ya kila chumba kulikuwa na kikosi chenye muuguzi, daktari wa akili, afisa wa ustawi, na mara nyingi mtu aliyewahi kulala nje yeye mwenyewe. Kikosi cha namna hiyo hubeba takriban watu kumi kwa kila mtumishi. Ndicho kinachopatana na mwenye nyumba muziki ukipigwa usiku wa manane, ndicho kinachogundua kwamba dawa zimeisha tangu Ijumaa. Muujiza haupo, ipo kazi ya kuchosha isiyoisha. Na isiyoisha hugharimu.

Ufini ndiyo nchi iliyolichukua wazo hili na kulifanya la serikali nzima. Mwaka 1987, walipoanza kuhesabu, wasio na makao walizidi 17,000 katika nchi ndogo yenye baridi inayoua. Tayari mwaka 1985 ulikuwa umeanzishwa wakfu uitwao Y-Säätiö, ambao ulinunua vyumba vya kawaida, kimoja hapa kingine pale, na kuvipangisha kwa watu waliokosa makao. Pesa za kununulia zilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye ruzuku za shirika la RAY, lililokuwa na haki ya pekee ya kuendesha mashine za kamari. (Msomaji anayejua vijana wetu wanavyozimaliza pesa kwenye simu wakibashiri mechi za Ulaya ataona kejeli iliyomo, na nitairudia hapo chini.) Mwaka 2007 serikali iliwaomba watu wanne, daktari na askofu miongoni mwao, waeleze kwa nini walioganda hawapungui. Mwaka uliofuata mpango wa taifa ukaanza, serikali kuu, miji na mashirika wakigawana gharama kwa makubaliano yaliyotiwa saini.

Walichofanya Helsinki kilihitaji ujasiri: walifunga makao ya dharura. Mwaka 1985 mji huo ulikuwa na vitanda 2,121 katika makao na hosteli za namna hiyo. 2008 vikabaki 558. 2016 vilikuwa 52. Hosteli ya Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, ambako wanaume walilala kwa makundi, ilikarabatiwa ikawa jengo la vyumba takriban 80, kila kimoja na jiko na bafu lake, mpangaji na mkataba wake, wafanyakazi wakiwa humo humo chini usiku na mchana. Mtu anaruhusiwa kunywa chumbani mwake, kama mimi na wewe. Majirani walipinga, kama majirani wanavyopinga kila mahali, na wafanyakazi wakatenga muda wa kutembea mtaani, kufagia, kuzungumza na wenye maduka. Hata huo muda wa kufagia na kuzungumza ulikuwa na bajeti.

Idadi ikashuka mwaka baada ya mwaka, hadi watu 3,429 mwishoni mwa 2023. Wageni kutoka duniani kote walikwenda Helsinki kupiga picha. Kisha serikali ya Petteri Orpo, iliyoingia mwaka 2023 ikiahidi kubana matumizi, ikapunguza posho za makazi na ufadhili wa nyumba za kijamii. Mwishoni mwa 2024 wasio na makao walihesabiwa 3,806. Lilikuwa ongezeko la kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja. Majengo yote yalikuwa palepale. Hakuna tofali lililotoka mahali pake.

Hapa pana mtego ambao sijaona nchi iliyouruka. Mpango wa namna hii ukifaulu, ufanisi wake hauonekani. Mtu aliyekuwa akilala mbele ya benki sasa yuko ghorofa ya tatu, anapika uji na kulipa kodi. Mpita njia hamwoni. Anachokiona ni yule mmoja aliyebaki nje, na anauliza: pesa zote zile zimekwenda wapi? Mwanasiasa naye anaikata bajeti akijua kwamba atakayeumia hana kura, na kwamba matokeo yatachukua miaka miwili au mitatu kutokea barabarani, pengine zamu ya mwingine.

Marekani imeupitia mzunguko huu wote, tena kwa sauti kubwa zaidi. Watu husahau kwamba sera hii ilipewa nguvu na serikali ya Republican. Chini ya George W. Bush, msimamizi wake wa masuala haya, Philip Mangano, alizunguka nchi akiwashawishi mameya waandike mipango ya miaka kumi ya kukomesha hali hiyo kwa walioganda, na hoja yake ilikuwa ya kihasibu: mnalipa tayari, mnalipa vibaya. Barack Obama aliendeleza. Maveterani wasio na makao, ambao Bunge liliwatengea vocha za kodi pamoja na wahudumu wa idara yao wenyewe, wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2010. Tuangalie mchanganyiko huo: vocha na mhudumu, vyote viwili, kila mwaka, bila kujali chama kilichoko madarakani.

Linganisha miji miwili. Los Angeles, mwaka 2016, wapiga kura waliidhinisha hati fungani ya dola bilioni 1.2 kwa ajili ya makazi yenye huduma. Pesa za hati hiyo zilikuwa za ujenzi tu. Huduma zilitegemea kodi nyingine ya kaunti iliyopigiwa kura mwaka uliofuata. Ujenzi ukakwama kwenye vibali, kesi za majirani na bei za vifaa. Kufikia 2022 mkaguzi wa mji alisema wastani wa gharama ya chumba kimoja kilichokuwa kikijengwa ulikaribia dola 600,000. Houston haikujenga kwa kasi hiyo wala kwa bei hiyo. Kuanzia 2012, chini ya meya Annise Parker, mji, kaunti na mashirika yapatayo mia moja yaliacha kila mmoja kuvuta upande wake, yakaweka orodha moja ya majina na kukodi vyumba vilivyokuwa tayari sokoni. Ndani ya miaka kumi watu zaidi ya 25,000 waliingizwa ndani, na idadi ya walio nje ikapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Houston ina bahati ya kodi nafuu na sheria legevu za ujenzi, hilo nalikubali. Lakini hata sasa viongozi wake wanasema hadharani kinachowanyima usingizi: pesa za dharura za enzi ya korona zimekwisha, na wapangaji bado wapo.

Nisipendelee upande wangu. Utafiti mkubwa kuliko yote ulifanyika Kanada kati ya 2009 na 2013, katika miji mitano, na washiriki zaidi ya 2,000. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa ndani muda wote, dhidi ya 31 ya waliosaidiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kuhusu gharama, kwa wale kumi kwa mia waliokuwa mzigo mkubwa zaidi kwa hospitali na magereza, kila dola 10 zilizotumika ziliokoa zaidi ya dola 21. Kwa wenye mahitaji ya wastani, dola 10 ziliokoa tatu na kidogo. Yaani hoja ya kihasibu ya akina Mangano ni ya kweli kwa wachache walio taabani kabisa, na kwa waliobaki ni nusu kweli. Ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya 2018 nayo ilisema ushahidi kwamba makazi haya yanaboresha afya, ukiondoa wenye virusi vya UKIMWI, bado ni mdogo. Nyumba haimwachishi mtu pombe. Inamfanya awe na anwani, mlango na mtu anayejua jina lake, na hayo yanatosha kuwa sababu bila kuahidi faida ambayo Hazina haitaiona.

Wapo pia wezi. Minnesota iliruhusu bima ya afya ya wasiojiweza ilipie huduma za kumtafutia mtu makao na kumsaidia abaki humo. Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 2.6 kwa mwaka; mwaka 2024 malipo yalizidi milioni 100, mashtaka ya udanganyifu yakafuata na mpango ukafungwa mwaka 2025. Kampuni hewa zilidai malipo kwa watu ambao hazikuwahi kuwahudumia. Nalitaja kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa wa kulipia watumishi badala ya kuta, kile kile ninachokitetea. Tofali unaweza kulihesabu. Ziara ya Jumanne ni lazima mtu aende akaulize kama kweli ilifanyika.

Washington imeamua kutupa mtoto pamoja na maji. Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuondoa msaada wa serikali kuu kwa sera ya nyumba kwanza, akitaka matibabu ya lazima na kuwaondoa watu barabarani. Novemba, wizara ya nyumba ilitangaza masharti mapya ya ruzuku ambayo yangeruhusu asilimia 30 tu iende kwenye makazi ya kudumu, wakati kwa miaka sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ikienda huko. Majimbo na mashirika yalikimbilia mahakamani, na Desemba jaji wa Rhode Island akasimamisha masharti hayo. Wenye mikataba ya upangaji wakakaa wakisubiri hakimu awaambie kama kodi yao italipwa. Waafrika Mashariki wengi wanaofanya zamu za usiku katika nyumba kama hizo, wauguzi na wahudumu, nao walisubiri kujua kama wana kazi.

Sasa turudi kwetu, Nairobi. Najua swali linalomchoma msomaji, kwa sababu ni la haki: kwa nini mlevi wa barazani apewe chumba wakati mwalimu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu, anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na bado anapanga? Jibu langu halitampendeza. Mwalimu anahitaji nyumba. Yule wa barazani anahitaji nyumba na mtu, na bila mtu hata ukimpa jumba la Runda litamshinda. Ni mahitaji mawili tofauti, na fungu la kwanza halitoshi kutimiza la pili. Nyumba zetu za bei nafuu huombwa kwa kitambulisho na namba ya KRA, kisha hulipiwa kila mwezi. Mtu ambaye vitu vyake vilibebwa na lori la kanjo, askari wa kaunti, mara nne hana hata hiyo karatasi ya kwanza.

Na tunao. Hesabu ya taifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, 15,337 kati yao Nairobi. Hatukukosa kujaribu. Serikali ya NARC ilipoingia mwaka 2003 iliunda hazina maalumu ya kurekebisha familia za mitaani. Waziri wa Serikali za Mitaa, Karisa Maitha, alilivalia njuga jambo hilo, na vijana wengi wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa kujifunza ufundi. Baadhi walitoka huko mafundi kweli. Wengine walihitimu, wakapigiwa makofi, na kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuwafuata baada ya hapo, wakarudi kwenye uchochoro ule ule: Reno tena. Mtindo mwingine wetu ni wa bei rahisi zaidi. Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru walipakiwa usiku na kwenda kutupwa karibu na msitu wa Chemasusu, kaunti jirani ya Baringo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu waliotupa ukoo, sisi tuna ndugu. Tunao, na ndiyo maana wanaolala nje kwetu ni wachache kuliko umaskini wetu ungetarajia. Lakini waliobaki nje ni hasa wale ambao ndugu zao wamechoka. Nenda Hospitali ya Mathari: kwa miaka kumekuwa na wagonjwa waliopata nafuu ambao wangali wodini kwa sababu hakuna anayekuja kuwachukua. Kitanda cha hospitali ya rufaa kinatumika kama chumba cha kupanga, tena kwa gharama kubwa kuliko chumba chochote cha kupanga Kayole.

Mimi ningeanzia hapo, na kwa idadi ndogo. Tusijenge kitu. Vyumba vipo Kayole, Githurai na Umoja, na wenye nyumba wanatafuta mpangaji ambaye kodi yake italipwa na serikali tarehe tano bila kukosa. Kinachokosekana ni kikosi: muuguzi wa afya ya akili, maafisa wa ustawi wa jamii, na mmoja au wawili waliowahi kuishi mtaani, kila mmoja akibeba watu wasiozidi kumi na tano. Chanzo cha pesa Wafini wameshatuonyesha. Kodi ya kamari inakusanywa tayari, na sehemu yake ingeweza kutengwa kisheria kwa ajili ya hazina ile ya 2003 ya familia za mitaani.

Kikwazo ni cha kihasibu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na maendeleo katika vitabu vyetu maana yake ni saruji, lami na mabati. Afisa wa ustawi huandikwa kwenye matumizi ya kawaida, safu ile ambayo kila gavana hukemewa kwa kuinenepesha. Kwa hiyo gavana akitaka kuwatoa watu barazani, kitabu kinamshauri ajenge kituo kipya cha vitanda mia mbili, kilichowekwa bamba, kisicho na muuguzi. Bunge linaweza kurekebisha kifungu hicho ili mshahara wa mtumishi aliyefungamanishwa na mpangaji uhesabiwe kuwa maendeleo, kwa sharti kwamba mkaguzi anaweza kumtembelea mpangaji na kumuuliza mara ya mwisho alitembelewa lini. Marekebisho hayo hayazidi aya mbili, na bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni.